Mwongozo kamili wa utafiti wa mwanafunzi wa meno: taarifa za mtandaoni kwa wagonjwa na hali ya wanafunzi wenzako

Wadogo zangu wa mwaka wa tatu na wa nne mnaosoma udaktari wa meno, iwe Muhimbili, Nairobi au Eldoret, najua kipindi hiki ndo mnaambiwa leteni topiki ya utafiti na hela hamna, maabara ina foleni, na wagonjwa wenyewe mnawahitaji kwa ajili ya rikwayamenti (idadi ya kazi za kliniki mnazotakiwa kukamilisha). Kuna topiki mbili ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanya kwa bando na laptopu tu. Ya kwanza ni kupima ubora wa taarifa za meno ambazo wagonjwa wetu wanazipata mtandaoni kwa Kiswahili, ya pili ni kupima hali ya kiakili na kimaisha ya wanafunzi wa meno wenyewe. Nimesaidia wanafunzi kwenye zote mbili na kuna kitu kimoja kinaziunganisha: karibu vipimo vyote mtakavyotumia vilizaliwa kwa Kiingereza, kwa watu wengine, kwaiyo kazi yenu kubwa ni kuhakikisha kipimo kinamsikia mtu wa kwetu. Kujaza namba kwenye Excel ni sehemu ndogo tu. Nitaanza na ile ya mtandaoni maana ndo yenye mambo mengi.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja, sio "afya ya kinywa" yote

Proposo nyingi ninazoziona zinasema "ubora wa taarifa za afya ya kinywa mtandaoni". Hiyo ni bahari. Chagua kitu kimoja ambacho taarifa mbaya inamuumiza mtu kweli.

Mfano ninaoupenda zaidi ni meno ya plastiki. Mtoto mchanga wa miezi michache anapata homa au anaharisha, mtu anamfungua mdomo anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema hayo ni meno ya plastiki yanamuua mtoto, basi anapelekwa kwa mtu anayeyachimba na chuma chochote kilichopo. Vile vivimbe ni vichipukizi vya kawaida vya meno ya utotoni, mara nyingi yale chonge, ambayo yenyewe yanatakiwa kutoka mtoto akiwa na karibu mwaka mmoja na nusu. Mtoto anabaki na kidonda, damu inaweza kumwagika sana, anaweza kupata maambukizi mpaka kwenye damu, na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika. Na ile homa yenyewe, ambayo inaweza kuwa malaria au maambukizi mengine, inabaki haijatibiwa. Imani hii ipo Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani, na sasa imehamia kwenye video na voisi za WhatsApp.

Mfano mwingine ni kung'arisha meno ya kahawia kwa limao, magadi au mkaa, hii inawahusu sana watu wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa kwa ujumla ambako maji yana floraidi nyingi. WHO wanapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, wakati Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4. Ile rangi inatokana na floraidi mtu aliyoinywa utotoni jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, sio uchafu, kwaiyo limao halifanyi kitu zaidi ya kuyeyusha gamba la jino. Mtu anayefundishwa na video kusugua limao kila asubuhi anazidi kuharibu alichokuja kukitibu.

Hatua ya 2: Pata maneno kutoka kwa mgonjwa, usiyatunge wewe

Hapa ndo wengi wanaharibu utafiti mzima siku ya kwanza. Mwanafunzi anakaa hosteli anaandika "ugonjwa wa mnyauko wa meno", anakusanya matokeo, wakati hakuna mgonjwa hata mmoja duniani anayesachi hivo.

Nenda benchi la wagonjwa wa nje, ukishapata kibali (nitakuja huko), waulize watu 20 mpaka 30: "Jino likikuuma usiku wa manane na simu iko mkononi, ungeandika nini?" Waambie waandike kweli kwenye simu yako, usiwaandikie. Utapata vitu kama "dawa ya jino linalouma", "mdudu wa jino", "jino limetoboka", "fizi kutoa damu", "meno ya plastiki dalili zake". Na ukiwa Nairobi utapata Kiswahili na Kiingereza na Sheng kwenye sentensi moja, na hivo ndo ilivyo, andika kama kilivyo.

Angalia mitego ya lugha. "Dawa ya meno" kwa watu wengi ni ile ya kupigia mswaki, lakini mwingine anamaanisha dawa ya maumivu, kwaiyo matokeo yatakuja yamechanganyika. "Meno ya plastiki" sa ingine inaleta meno bandia ya wazee. Mitego hii usiiondoe kimya kimya, ihesabu na uiandike kwenye ripoti, maana mama anayetafuta msaada kwa mtoto wake anakutana nayo vilevile.

Baada ya hapo chagua maneno matano hadi nane yaliyotajwa na watu wengi zaidi. Yatosha.

Hatua ya 3: Gandisha matokeo

Mtandao unabadilika kila saa na unakubadilikia wewe binafsi, simu ya daktari haileti matokeo sawa na simu ya bodaboda. Kwaiyo tumia dirisha la faragha, usiwe umelogin akaunti yoyote, andika tarehe, saa, mji uliopo na kifaa ulichotumia. Fanya usachi wote ndani ya siku moja au mbili. Chukua matokeo 30 ya kwanza kwa kila neno, bandika linki kwenye Excel na piga skrinshoti ya kila moja papo hapo, maana nimeona kikundi kimepoteza robo ya video zao kwa sababu wenye video walizifuta kabla hawajazipima.

Amua mapema unatupa nini: matangazo ya kulipia, zilizojirudia, zisizo na sauti wala maandishi, za lugha nyingine, labda na zinazozidi dakika 15. Kila unachotupa hesabu na uandike sababu. Msomaji atataka kujua ulianza na ngapi ukabaki na ngapi.

Magrupu ya WhatsApp usiingie kuchota. Mtu alieandika mle hakujua kuna mtafiti, na hiyo ni tofauti kabisa na video aliyoiweka hadharani kwa kila mtu. Hata zile za hadharani, kwenye ripoti usitaje jina la mwenye chaneli wala kuweka sura yake, mpe namba tu.

Hatua ya 4: Vipimo, na kila kimoja kinapokwama

DISCERN. Kilitengenezwa Oxford na kikachapishwa 1999. Kina maswali 16, kila moja unatoa alama 1 hadi 5. Nane ya kwanza yanaangalia kama chanzo kinaaminika (lengo liko wazi? kinasema taarifa imetoka wapi? kina upendeleo?), saba yanayofuata yanaangalia jinsi kinavyoeleza matibabu, faida, hatari, na nini kitatokea usipotibiwa, na la 16 ni alama ya jumla. Ni kizuri kwa mada yenye uamuzi wa matibabu kama kung'oa au kuziba mzizi. Kwa video ya jinsi ya kupiga mswaki hakikai vizuri, usikilazimishe.

Vigezo vya JAMA (jarida la madaktari la Marekani) vya 1997 ni vinne tu: mwandishi ni nani, habari imetoka wapi, nani anamiliki au kufadhili, na lini imeandikwa au kuboreshwa. Haraka na rahisi.

PEMAT, kipimo cha Wamarekani cha 2013, ndo naona kinatufaa zaidi kwa sababu kinauliza mambo mawili ambayo mgonjwa wetu anayahitaji: je, inaeleweka? na je, mtu akimaliza kuangalia anajua afanye nini? Kuna toleo la maandishi la vipengele 24 na la video la vipengele 17, unajibu ndiyo au hapana, unatafuta asilimia, na wengi wanachukua 70% kama mstari wa kufaulu.

Sasa nisikilizeni hapa. Vyote vitatu havipimi UKWELI. Video inaweza kutaja jina la msemaji, tarehe, chanzo, ikaeleza vizuri na kwa mpangilio, alafu ikamwambia mama akate fizi ya mtoto, na bado ikapata alama nzuri. Kwaiyo tengenezeni orodha yenu ya ukweli kabla hamjafungua video hata moja. Kaeni na madaktari wa meno wawili na nesi mmoja wa kliniki ya mama na mtoto, andikeni taarifa nzuri lazima iseme nini. Kwa meno ya plastiki mimi ningeweka hivi: kwamba ni meno ya kawaida, kwamba hayasababishi homa wala kuharisha, kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe, kwamba kukata kuna hatari na zitajwe, kwamba jino la ukubwani linaweza kuharibika. Alafu kolamu ya pembeni: je, kuna kitu cha hatari kinachoshauriwa? Kolamu hiyo moja ina uzito kuliko alama zote za DISCERN.

Kuhusu urahisi wa kusoma, tafadhali msitumie fomula ya Flesch kwa Kiswahili. Naiona kila mwaka. Fomula inasema 206.835 toa 1.015 mara maneno kwa sentensi, toa 84.6 mara silabi kwa neno, na karibu na 100 ndo rahisi. Chukua sentensi "Piga mswaki asubuhi na usiku". Maneno 5, silabi 13, kwaiyo silabi 2.6 kwa neno. Piga hesabu: 206.835 − 5.075 − 219.96, unapata hasi 18.2. Yani sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaielewa inaonekana ngumu kuliko kitabu cha sheria! Ni kwa sababu Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, silabi nyingi kwetu sio ugumu. Badala yake wape watu halisi wasome. Mpe mtu karatasi asome au video aangalie, alafu muulize, "Mama, ukifika nyumbani utamwambiaje jirani yako?" Anachosema kwa maneno yake ndo kipimo. Watu 10 hadi 15 kwa kila taarifa mnayoijaribu watawaonyesha penye shida.

Hatua ya 5: Wapimaji wawili

Mtu mmoja kupima peke yake haikubaliki. Muwe wawili, mjifunze kwenye video 10 zisizo kwenye sampuli, mjadili tofauti, alafu kila mtu apime zake bila kuonyeshana. Msiripoti asilimia ya kukubaliana tu. Fikiria kipengele ambacho jibu karibu kila mara ni hapana, kama "je imetaja chanzo?". Kila mmoja wenu akiweka hapana kwa video 9 kati ya 10 kwa kubahatisha tu bila hata kuangalia, bado mtakubaliana kama 82%. Ndo maana tunatumia kappa, inaondoa ile bahati. Ikifika 0.6 kwenda juu inatosha kuendelea, ikiwa chini rudini mezani mfafanue vipengele upya. Kwa alama za jumla za DISCERN tumieni ICC, kipimo cha kukubaliana kwa alama za namba.

Hatua ya 6: Ukichagua hali ya wanafunzi

Hii ni nyeti zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu unaowauliza unakaa nao chumba kimoja.

Vipimo vipo. WHO-5 inapima ustawi wa akili, ina maswali matano tu kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4 unapata 0 hadi 100, na 50 au chini yake ni dalili kwamba mtu huyo anahitaji kuangaliwa zaidi. PSS-10 inapima msongo wa mwezi uliopita, 0 hadi 40, na maswali ya 4, 5, 7 na 8 yanageuzwa alama, ukisahau kugeuza matokeo yako yote hayana maana. DES ya 1980, dodoso la msongo wa mazingira ya masomo, ilitengenezwa mahsusi kwa wanafunzi wa meno, inauliza kuhusu mitihani, wagonjwa, walimu. PHQ-9 inapima dalili za sonona na toleo la Kiswahili limeshafanyiwa uhakiki Kenya na Tanzania.

Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Hapa simama kwanza. Dodoso lako likiwa halina majina na mwanafunzi mwenzako akajibu "karibu kila siku", utamfikiaje? Huwezi. Kwaiyo ama tumia PHQ-8 ambayo haina swali hilo, ama kabla ya kutuma dodoso upange na mshauri wa wanafunzi au kitengo cha afya ya akili, jina la ofisi na namba ya simu viwe juu na chini ya fomu, na umeshawaambia wajiandae kupokea watu. Usikusanye maumivu ya mtu bila kuwa na mahali pa kumpeleka, hilo mimi siliruhusu kwenye kikundi chochote ninachosimamia.

Lugha. Tunasoma kwa Kiingereza lakini tunaumia kwa Kiswahili. Weka matoleo yote mawili, mtu achague, na uandike alichagua lipi. Ukitafsiri mwenyewe, mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona ya mwanzo arudishe Kiingereza, mkae mlinganishe, alafu mkae na wanafunzi watano au sita mmoja mmoja waseme kwa sauti wanaelewa nini. Angalia neno "presha": ukiuliza "una presha?" nusu watafikiri unauliza shinikizo la damu. "Mawazo" nayo, ukisema fulani ana mawazo watu wanaelewa ana huzuni inayomsumbua, sio kwamba anafikiri sana.

Muda nao ni data. Ukituma dodoso kabla bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) halijatoka unapima njaa. Ukituma wiki ya matokeo unapima hofu ya sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuo). Hakuna muda msafi, ila uandike ulikuwa muda gani, na ongeza maswali ya kwetu ambayo DES haina: hela ya chakula, umbali wa hosteli, kumlipia mgonjwa matibabu kutoka mfukoni ili tu upate rikwayamenti yako. Hilo la mwisho wanafunzi wa kliniko wananisimulia sana na vipimo vya nje haviliulizi.

Sampuli: fomula ya kawaida ya idadi ya watu wa kuwahoji inakupa 384, lakini kama wanafunzi wote wa meno chuoni ni 180, ukisahihisha kwa idadi hiyo unabaki na kama 123. Kwa idadi ndogo hivo mimi ningewaalika wote. Mwalimu anayetoa maksi asitume linki, na CR (kiongozi wa darasa) asiulize kwenye grupu "nani bado hajajaza". Usiulize mwaka, jinsia, dini na mkoa kwa pamoja, kwenye darasa la watu 30 ukishajua hivo vinne umeshamjua mtu. Ukusanyaji wa barua pepe uzime kwenye fomu.

Hatua ya 7: Vibali

Kabla ya data, sio baada. Tanzania anza na kamati ya maadili ya chuo chako, na kwa kazi zinazohitaji kibali cha kitaifa ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya ni kamati iliyoidhinishwa, alafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Hata kuwauliza wagonjwa maneno wanayosachi kunahitaji kibali. Na kumbuka sheria za taarifa binafsi: Kenya ni ya 2019, Tanzania ya 2022. Anza mapema, kamati zina ratiba zake za vikao.

Hatua ya 8: Uchambuzi

Jamovi na JASP ni programu za takwimu za bure. Alama za DISCERN zikiwa zimekaa upande mmoja toa wastani wa katikati (median) na kwatili, sio wastani wa kawaida. Kuona kama video zinazoangaliwa sana ndo bora, tumia Spearman (kipimo cha uhusiano wa vitu viwili), na gawanya idadi ya waliotazama kwa siku ambazo video imekaa maana ya miaka mitano haishindani na ya wiki iliyopita. Panga maswali matatu au manne mapema uyajibu hayo, usijaribu kila kolamu na kila kolamu mpaka upate p ndogo (namba inayofanya matokeo yaonekane sio ya bahati).

Kuandika, fuata STROBE, orodha ya vitu vya kuripoti yenye vipengele 22, na kwa dodoso la mtandaoni ongeza orodha ya CHERRIES. Makala za kulipia zitafute kupitia Research4Life kama chuo chako kimesajiliwa, muulize mkutubi.

Hatua ya 9: Rudisha

Wanafunzi waliojaza dodoso warudishiwe ukurasa mmoja wa matokeo kabla ya mkuu wa shule kuupata, na kama mmegundua kulipia wagonjwa kunawamaliza watu, hilo liandikwe wazi kwenye ukurasa huo huo.

Kwa upande wa wagonjwa, tengenezeni voisi ya dakika moja kwa Kiswahili cha kawaida, fupi, inayoweza kutumwa WhatsApp kwa bando dogo, maana zile mbaya zinasafiri hivo hivo. Msiisambaze kwanza. Ipelekeni kliniki ya mama na mtoto, mama mmoja asikilize akiwa amembeba mtoto wake, muulize angemwambia nini jirani ambaye mtoto wake ana homa na vivimbe kwenye fizi. Akisema "ningemwambia ampeleke mtoto akapimwe homa, hayo meno ayaache", mjaribu na mama wa pili na wa tatu. Akisema "ningemwambia asikate kwa mganga, akakatiwe hospitali", rudini mkaiandike upya.